Pedali za Zuberi, Mkono Wangu

Nyie vijana mnaobeba vyombo vya bendi, mnaonipa shikamoo huku mkono mmoja umeshika simu, mmeniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa kabla sijasahau. Sijasahau. Mgongo tu umechoka, ndiyo maana nimeacha kazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya kaeni nayo hivyohivyo, maneno yenyewe yako sawa. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini. Mie sikupandishwa, na hayo mengine yalishaliwa zamani.

Nilikuwa fundi wa vyombo. Mtu aliyekuja kucheza muziki hamwoni fundi. Akimwona, ujue kuna kitu kimeungua.

Kabla ya bendi nilikuwa kiwandani, tunaunga redio. Meza yetu ilikuwa ya wanawake watupu, maana wakubwa walisema vidole vyetu vyepesi. Nilijifunza kuchomelea nyaya kwa risasi bila kuunguza plastiki, nikavijua vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi kama wengine wanavyoijua juzuu. Halafu nchi ikafunguliwa milango, redio za nje zikapangwa chini Kariakoo kama nyanya, na sie tukafungiwa geti. Tukaambiwa tumepunguzwa. Neno zuri hilo, utadhani tulikuwa tumezidi kwenye chungu.

Nikaenda kwa Mzee Salumu, fundi redio wa pale kwetu Mtoni, nikamwambia naomba kukaa naye nifanye kazi. Jicho lake moja lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Akanitazama kwa lile zima.

"Mwanamke, utaweza kushika chuma cha moto?"

"Nimezaa watano."

Akanisogezea kigoda.

Huyo ndiye aliyekuwa anatengeneza vyombo vya bendi. Siku ya kwanza alinipeleka mazoezini Sinza, kwenye ukumbi wa baa, mchana, viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu inanuka bia ya jana. Wapigaji wakaanza maneno. "Mzee Salumu, umeongeza mke?" Akajibu, "Nimeongeza masikio." Akanikalisha kando ya spika, akanikataza kugusa chochote mpaka mazoezi yaishe. Nikakaa nimefumbata mikono kama mgeni msibani. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia nyimbo. Akasema nyimbo wanasikia walevi, wewe unalipwa kusikia kilichoko chini ya nyimbo. Ukisikia nyuki, ni waya wa ardhi. Ukisikia mtu anakaanga dagaa, ni jeki, lile tundu unapochomekwa waya, imechakaa. Ukisikia kimya, hapo ndipo uogope.

Hiyo ndiyo shule yangu nyingine. Jicho la pili lilipozibika, Mzee Salumu alinikabidhi chuma cha kuchomelea na ile bendi pamoja, akabaki nyumbani anasikiliza taarifa ya habari.

Sasa nije kwa Zuberi, maana najua ndiye mnayetaka kusikia. Mnamwona kwenye ile picha ukutani, mrefu, mkanda wa ngozi kiunoni hata kwenye joto la Februari. Alikuwa mpiga solo. Naye wa Mtoni, mdomo mchafu, moyo safi. Baharia mmoja alimpa kanda za muziki wa roki, akazisikiliza mpaka zikakatika, akaziunga kwa rangi ya kucha, akazisikiliza tena. Kiongozi wetu, Mzee Pazi, alikuwa mtu wa rumba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata.

"Zuberi, muziki gani huo? Kama watu wanagombana ndani ya bati."

"Wanagombana kwa mpango, Bosi."

Mzee Pazi hakupenda, ila alivumilia, kwa sababu hoteli moja ya ufukweni, njia ya kwenda Mbweni, ilikuwa inatuita Jumamosi mchana kupigia wageni, na wageni walikuwa wanataka roki. Halafu Jumapili jioni, pale Sinza, Zuberi akaanza kuipenyeza kwenye rumba. Wimbo unakwenda taratibu, watu wameshikana viuno, ukifika pale unapochanganya, mwendo unapopanda, yeye anakanyaga chini, na ukumbi mzima unapiga kelele. Basi Mzee Pazi akawa anatazama pembeni kama mtu asiyemjua.

Alikuwa anakanyaga nini? Pedali, lakini si ya baiskeli. Ni kisanduku cha chuma kinakaa sakafuni. Waya unatoka kwenye gita, unapita ndani yake, unakwenda kwenye amplifaya. Ukikanyaga, sauti inageuka. Ukikanyaga tena, inarudi. Zuberi alikuwa nazo mbili. Moja tuliiita mkwaruzo, nyekundu, imebanduka rangi. Ukiikanyaga gita linapata koo la mtu aliyelia msibani siku kutwa. Ya pili ni wawa, ina kibao unachokipandisha na kukishusha kwa unyayo kama cherehani, gita linafungua mdomo na kuufunga. Wawa inatangulia, mkwaruzo unafuata. Ukigeuza utapata paka ndani ya pipa. Najua, kwa sababu Zuberi alinigeuzisha kila mazoezi. "Geuza, Dada." Nageuza. Anapiga, anakunja uso. "Rudisha."

Nilikwenda naye siku moja dukani Kariakoo, pedali mpya zimeingia kutoka Dubai, zinang'aa kama pipi. Alikwenda na gita lake mwenyewe. Hakupiga wimbo wowote. Alikuwa anapiga nyuzi moja, anaiacha, anainamisha kichwa anaisikiliza mpaka inyamaze. Anahamia pedali nyingine, anapiga ileile, anaiacha. Muuzaji akamwuliza, wewe hujui kupiga? Tukatoka mikono mitupu. Njiani akaniambia kuanza kwa sauti kila pedali inajua, yeye anatazama inavyokufa, zile zote zinakufa ghafla kama zimekatwa na kisu, ila mkwaruzo wake unakwenda polepole. Nikamwambia basi tungebaki nyumbani. Lakini neno lile nimefanya nalo kazi mpaka mwaka huu. Spika, maiki, chochote mkitaka kukijua kizima au kibovu, sikilizeni mwisho wa sauti.

Tena jifunzeni hili la mawe, zile betri za tochi na redio. Pedali zile zilikuwa zinataka betri ndogo ya mraba, na ile ilikuwa haipatikani kirahisi. Nikachukua kipande cha mwanzi, nikapanga ndani mawe sita ya tochi, nikaunga waya huku na huku, nikaziba kwa nta. Kazi ileile. Sasa kumbe ule mkwaruzo ulikuwa haupendi mawe mapya. Mawe mapya yanaufanya upige kelele za kitoto. Ukiupa mawe yaliyochoka, yale ambayo kwenye redio yanakaribia kuzima, unatoa sauti nene, ya chini, inayotetemeka kidogo. Nikawa napita kwa majirani nakusanya mawe waliyoyaanika juani juu ya bati. Mtaa mzima walinidhani nimepungukiwa. Na umeme wa mgao ulipokuwa unakatika, jenereta linaingia na nyuki zake, pedali ya Zuberi ilikuwa haina habari, inakula mawe yake kwenye mwanzi.

Kulikuwa na kisanduku cha tatu. Mgeni mmoja wa pale hotelini, anarudi kwao, alimwachia Zuberi pedali ya mwangwi. Hiyo ukipiga sauti moja inairudia, mara mbili, mara nne, upendavyo, kila ikirudi inafifia. Kila mpiga gita wa mjini angeitaka. Zuberi akanipa niifungie kwenye kabati la vyombo.

"Hutaki?"

"Hiyo ya waongo, Dada. Unapiga kidogo, yenyewe inakumalizia. Mie vidole vyangu vizima."

Ikakaa kabatini, nikawa naifuta vumbi tu.

Mwanzo ilikuwa kikohozi. Kisha jasho, hata asubuhi yenye upepo. Ule mkanda wa ngozi akautoboa tundu jingine, baadaye jingine. Ulikuwa Ukimwi. Naandika jina lake kwa sababu enzi zile hakuna aliyelitaja, watu walikuwa wanasema "mdudu," "ngoma," "ule ugonjwa," wanashusha sauti kama ugonjwa una masikio. Zuberi hakuniambia na mie sikumwuliza. Zilikuwa hazijafika dawa mnazoziona leo. Mtu alikuwa anaugua, mnamwangalia.

Jumapili moja wimbo ukachanganya, akainua mguu kukanyaga mkwaruzo, mguu ukatua pembeni. Akainua tena, ukatua juu ya waya. Gita likabaki na sauti yake nyembamba katikati ya ngoma na tarumbeta, kama mtu aliyeporwa nguo. Watu wakacheka. Walidhani amelewa, na Zuberi maisha yake yote alikuwa anakunywa soda ya tangawizi.

Mazoezi yaliyofuata nikapandisha kiti jukwaani, nikakiweka ubavuni mwa spika kubwa. Nyuma ya spika nikaweka kreti tupu la soda, juu yake pedali.

"Kaa," nikamwambia.

"Mie mzee?"

"Sijakuita mzee. Nimesema kaa."

Akakaa. Akatazama chini, miguuni hakuna kitu. "Na pedali zangu?"

"Ziko huku. Nitabonyeza mie kwa mkono."

"Da Hadija, roki haipigwi na watu wawili."

"Leo inapigwa. Anza."

Kubonyeza kwa mkono siyo sawa na kukanyaga. Mguu una uzito, unachelewa kidogo, na ule uchelewaji ndio utamu wenyewe. Mkono unawahi. Nilikuwa namwahi, naye ananigeukia. "Unanipakulia kabla sijanawa, Dada." Nikaacha kusikiliza wimbo, nikamtazama bega. Kabla hajautaka mkwaruzo, bega la kushoto lilikuwa linashuka. Wawa nilikuwa naisukuma kwa kiganja nikifuata pumzi yake, maana alipiga kama anavyopumua, na pumzi zilivyokuwa zinafupika na mie nikawa nafupisha. Waliokuwa wanacheza hawakujua. Nilikuwa nimejitanda kanga nyuma ya spika, anayeniona anaona mama anayelinda mali.

Ndipo siku moja kabla ya mazoezi, wenzake hawajafika, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama yalivyo.

"Naomba kitu kimoja tu. Wasinishushe jukwaani. Nikishindwa nitasema mwenyewe, nitanyanyuka mwenyewe niende zangu. Lakini wasinishushe."

Nikamwambia, "Cha watu siwezi kukuahidi. Mkono wangu nakuahidi."

Akasema, hanitazami, anakaza nyuzi ambayo ilikuwa imeshakazwa, "Dada, niletee mwangwi."

Nikaenda kabatini. Nilikaa mbele ya lile kabati muda, natafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi.

Vidole vilikuwa vimeanza kumkatalia. Hawezi tena kukimbia kwenye nyuzi, akibana moja inateleza. Tukaupanga muziki upya, mimi na yeye. Mwangwi ukakaa wa mwisho, baada ya mkwaruzo, na hapo ndipo mahali pake hata leo. Kuna kitufe cha kuharakisha na kuchelewesha. Usikizungushe kwa macho, sikiliza mpiga ngoma, zungusha mpaka sauti inayorudi ianguke palepale fimbo inapoangukia. Basi Zuberi akawa anapiga moja, mkwaruzo unaishikilia isife, mwangwi unairudisha, na wakati inarudi yeye anapumzisha kidole anatafuta ya pili. Pale alipokuwa anapiga sauti kumi sasa anapiga mbili. Wallahi, baadhi ya Jumapili zile alipiga vizuri kuliko alipokuwa mzima. Nilikuwa nyuma ya spika, nilisikia mwisho wa kila moja.

Kwenye bendi watu wakaanza kusogea mbali naye. Hakuna aliyetamka, viti tu vilikuwa vinaongezeka nafasi. Maiki aliyoimbia Zuberi wenzake wanaifuta kwa leso. Denis, mpiga solo wa pili, kijana wa Moshi, mcheshi, mtu wa kanisa, aliyekuwa anamwita braza na kumbebea gita, akaacha kumbebea. Siku moja akanifuata nikiwa nafungua jeki.

"Dada, wewe huogopi?"

"Naogopa umeme. Umenirusha mara nyingi. Zuberi hajanirusha."

"Nasema kweli, dada."

"Na mie kweli. Nesi alikuja mtaani kwetu akatuambia, hauambukizi kwa kugusana, wala kwa jasho, wala kwa kula pamoja. Hukumsikia? Basi sikia mie."

Akatikisa kichwa kama amesikia. Kijana mwema yule, lakini woga ulishamkaa.

Mzee Pazi akaleta kinanda. Ndiyo mambo yaliyokuwa yameingia mjini, kinanda kimoja na kijana mmoja, kina ngoma ndani, kina tarumbeta ndani, na kitufe cha kupiga gita. Zuberi alikizunguka, akakibonyeza.

"Bosi, hiki kina roki?"

"Kina kila kitu."

"Kina jasho?"

Watu wakacheka, hata Mzee Pazi. Ilikuwa mara ya mwisho kuwasikia wakicheka naye.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Zuberi alikuwa amevaa shati la mikono mirefu kufunika mikono. Katikati ya wimbo wa tatu, mtu mmoja mwenye chupa akasema kwa sauti ya kufika jukwaani, "Mpumzisheni huyo maiti, leteni kinanda." Wenzake wa meza ile wakacheka. Zuberi bega likashuka, nikabonyeza mkwaruzo, akapiga sauti moja akaiacha, na mwangwi ukairudisha juu ya vicheko vyao mpaka wakanyamaza. Alimaliza wimbo. Alimaliza zote. Kisha nikaona nyuzi zina damu, vidole vilikuwa vimechanika.

Ukumbi ulipokuwa unatoka watu, Mzee Pazi akaniita pembeni.

"Umeona, Hadija."

"Nimeona mtu amepiga mpaka mwisho."

"Mwenye ukumbi ananiambia watu wataanza kuogopa kuja. Nina bendi nzima nyuma yangu. Jumapili ijayo kinanda."

"Umemwambia Zuberi?"

"Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

"Bendi yako, Mzee Pazi. Kamwambie mwenyewe. Keti naye umwambie, naye atanyanyuka mwenyewe, hana ugomvi. Hicho tu anachotaka."

Akasema, "Haya, nitakwenda." Aliniangalia usoni aliposema. Nikamwamini, maana kwetu mtu mzima akisema nitakwenda, anakwenda.

Jumapili ile nilifika ukumbini mapema kama kawaida yangu kupanga vyombo. Nje, uani, kwenye jua, nikakuta kreti langu, na juu yake wamepanga wawa, mkwaruzo na mwangwi, vimeinamishwa, vinachuruzika maji, kama sahani zilizotoka kuoshwa. Denis alikuwa amesimama na ndoo.

"Umefanya nini?"

"Nimeviosha, dada. Maji ya moto, sabuni na dawa ya vidonda. Mzee Pazi amesema kuanzia leo nazitumia mimi."

"Umeosha pedali."

"Nje tu na ndani kidogo."

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mikono imebabuka kwa ile dawa, na uso wa mtu aliyefanya kazi nzuri. Nikauchukua mkwaruzo nikafungua mfuniko kwa ukucha. Maji yakamwagika miguuni kwangu, meupe, yana povu. Vijana, chombo cha umeme hakioshwi. Kinafutwa kwa kitambaa kikavu na brashi. Nilivikausha baadaye juu ya jiko la mkaa kwa wiki nzima. Wawa ilipona, mwangwi ukapona nusu. Mkwaruzo nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha, ukarudi unatoa sauti, lakini sauti ya mtu mwingine.

Nikamwuliza Mzee Pazi, aliyekuwa ndani anajaribu maiki, "Ulikwenda?"

Akasema, "Hadija, nimekosa nafasi. Ila gari sijalituma, ataelewa mwenyewe."

Tangu alipoanza kuugua, gari la bendi lilikuwa linampitia Zuberi nyumbani kila Jumapili baada ya adhuhuri. Nikaweka chini chuma changu cha kuchomelea, nikachukua kanga yangu, nikatoka. Siku ile bendi ilipiga bila fundi. Nasikia spika moja iliungua. Safi.

Zuberi alikuwa anakaa kwa kaka yake, kulekule Mtoni, na kwa kungoja basi nilifika jua linazama. Nilimkuta kibarazani, amevaa shati lake la jukwaani, mkanda wa ngozi, viatu vimepakwa rangi, gita liko mapajani ndani ya mfuko wake. Mbu walikuwa wameanza. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba yuko pale tangu mchana, kila gari likipita ananyanyuka.

"Gari limeharibika?" akaniuliza.

Sikupata njia ya kulizungusha. "Gari zima."

Akafungua mkanda tundu moja, kama mtu aliyeshiba. "Basi wamenishusha," akasema, "na sipo hata jukwaani."

Mke wa kaka yake akatoka na chakula. Chetu, mimi na mumewe, kilikuwa kwenye sinia, wali na mchuzi wa samaki. Cha Zuberi kilikuwa kwenye sahani ya bati, na ukingoni imepakwa rangi nyekundu ya mlango. Kikombe nacho kimepakwa. Akaviweka chini, mbali kidogo, akavisukuma kwa mguu wa kigoda. Zuberi akasogea akavifuata, bila kushangaa, ndipo nikajua si siku ya kwanza. Nikaingia ndani nikaona alipokuwa analala, stoo, na magunia ya mkaa.

Yule mama akanifuata. "Da Hadija, usinitazame hivyo. Nina watoto."

"Na mie ninao. Nisaidie kufunga nguo zake."

Hakubisha. Nadhani alipumua. Kaka mtu alitubebea gita mpaka kwangu, tulipofika akambusu mdogo wake mkono akarudi haraka.

Aliishi kwangu mpaka mvua za vuli zilipoanza. Asubuhi nilikuwa namtoa uani, anapiga gita kavu, bila umeme, wajukuu wanamzunguka. Siku moja akaniuliza mkwaruzo wake u hali gani. Nikamwambia umekufa, Denis aliuosha. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Umenitangulia," akasema. Baadaye vidole vikashindwa hata nyuzi moja, akawa analiweka gita kifuani tu, anagonga ubao wake kwa ukucha, na mie nilipokuwa napita na ndoo nilikuwa najua ni wimbo gani.

Bendi nzima ilikuja mazishini. Mzee Pazi alibeba jeneza kutoka kwangu mpaka makaburini, hakukubali kupokewa. Denis alishuka kaburini kumpokea, yeye Mkristo, akashuka, na hakuna aliyemzuia. Kisha wote wakarudi kazini, nami nikarudi baada ya matanga, kwa sababu spika iliyoungua hakuna aliyejua kuitengeneza.

Juzi mmoja wenu, mpiga besi, ameniuliza: Bibi, na nyumbani kwako walikubalije, enzi zile? Hawakukubali. Sikuwauliza. Jioni ile nilipoingia na Zuberi, wamekaa wote sebuleni, mkwe wangu Shabani, wajukuu, na binti yangu Rehema anapakua. Rehema alimtazama Zuberi, akaniangalia mie, akanyanyuka taratibu akaenda jikoni, akarudi na sahani ya peke yake na kikombe cha peke yake. Zuberi alishaanza kujisogeza ukutani.

Nikamwambia, "Rehema, rudisha sahani hiyo. Humu ndani tunakula sinia moja. Zuberi, kaa hapa kulia kwangu, nawa mikono. Na asiyeweza kuingiza mkono wake, anyanyuke sasa hivi akalale na njaa."